Kilo Moja ya Fosforasi Ina Bei Gani? Hesabu ya Kuiokoa Bahari ya Baltiki

Novemba 2007, mjini Kraków, nchi 9 zinazopakana na Bahari ya Baltiki pamoja na Umoja wa Ulaya zilikubaliana kwamba ifikapo 2021 bahari hiyo iwe imerudi katika hali njema. Mwaka 2021 ulifika, bahari haikuwa imepona, na Oktoba ya mwaka huo mawaziri wakakutana Lübeck, Ujerumani, wakausogeza muda hadi 2030. Katika miaka yote hiyo ubishi mkubwa haukuwa wa kisayansi. Ilijulikana vyema kwamba maji yanalishwa nitrojeni na fosforasi kupita kiasi kutoka mashambani na kwenye mabomba ya majitaka. Kilichogombaniwa ni kilo: ipi ipunguzwe kwanza, ipunguzwe wapi, na nani ailipie. Na wakati hesabu hiyo bado inapigwa, mabadiliko ya tabianchi yanaibadilisha.

Bahari yenye mlango mwembamba

Baltiki ina ukubwa wa kilomita za mraba 420,000 hivi, yaani karibu mara sita ya Ziwa Viktoria, lakini kina chake cha wastani ni mita 55 tu. Mito yake inakusanya maji ya bonde la kilomita za mraba milioni 1.7 lenye watu wapatao milioni 85. Njia ya kutokea ni milango-bahari myembamba ya Denmark, na maji ya bahari nzima huchukua takriban miaka 30 kubadilika. Kinachoingia humo hakitoki upesi.

Maji ya mito hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi na hukaa juu. Maji ya chumvi yanayopenya kutoka Bahari ya Kaskazini ni mazito na hulala chini. Katika eneo la kati la Baltiki, mpaka wa tabaka hizo mbili uko kwenye kina cha mita 60 hadi 80, na upepo hauna nguvu ya kuyachanganya maji hadi huko. Tabaka la chini hupata oksijeni mpya pale tu dhoruba zinapofuatana kwa namna ya kusukuma maji mengi ya chumvi kupitia Denmark, kama ilivyotokea Desemba 2014. Tukio kubwa la aina hiyo linaweza kukawia miaka 10.

Nitrojeni na fosforasi ni virutubishi vinavyostawisha mwani. Mwani ukifa huzama na kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Kwa uwiano wa kawaida wa mwani wa baharini, kilo 1 ya fosforasi hujenga mwani ambao ukioza wote utahitaji takriban kilo 140 za oksijeni. Ndiyo maana tani chache za kirutubishi hiki zinaleta madhara makubwa. Tangu mwanzo wa karne ya 20, eneo la sakafu ya Baltiki lenye upungufu wa oksijeni limepanuka kutoka kilomita za mraba 5,000 hivi hadi zaidi ya 60,000.

Kuna mtego wa pili, na huu ndio unaowasumbua zaidi wanauchumi. Katika mashapo, yaani matope yaliyotuama chini ya maji, yenye oksijeni, fosforasi hushikwa na chuma. Oksijeni ikiisha, chuma hubadilika kikemia na kuiachia. Fosforasi iliyozama miaka mingi iliyopita hurudi majini na kulisha sianobakteria, viumbe wanaoweza kuchukua nitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Nao wakifa, huzama, huoza, na oksijeni hupungua tena. Aina mojawapo, Nodularia spumigena, hutoa sumu inayoharibu ini, na mbwa na ng'ombe wameshakufa kwa kunywa maji yake. Wakazi wa kando ya Ghuba ya Winam, Kisumu, wanaufahamu ukijani wa namna hii, ingawa hesabu za Ziwa Viktoria ni tofauti na haziingii hapa.

Hivyo ukipunguza nitrojeni peke yake, sianobakteria wataifidia kutoka hewani. Ukipunguza fosforasi peke yake, sehemu za pwani na za magharibi, ambako nitrojeni ndiyo inayoamua ukubwa wa mwani wa majira ya kuchipua, zitabaki na shida. Lazima zipunguzwe zote mbili, na kila moja ina bei yake.

Kikomo na mgawanyo wake

HELCOM, kamisheni iliyotokana na Mkataba wa Helsinki wa 1974, ndiyo inayosimamia hesabu. Mwaka 2013 kikomo cha mwaka kiliwekwa kuwa tani 792,209 za nitrojeni na tani 21,716 za fosforasi. Kwa kulinganisha na wastani wa 1997–2003, hiyo ni kupunguza nitrojeni kwa 13% na fosforasi kwa 41%. Fosforasi ndiyo mlima wenyewe.

Katika mgawanyo wa kwanza wa 2007, kati ya tani 15,250 za fosforasi zilizotakiwa kuondolewa, Poland peke yake ilipangiwa 8,760. Haikuwa adhabu. Mito Vistula na Oder hukusanya maji ya karibu nchi nzima, na karibu nusu ya watu wa bonde lote ni Wapoland. Lakini tayari unaona ugumu ulipo: gharama kubwa inaangukia nchi ambayo wananchi wake wengi wanaishi mbali na ufuo.

Kilo rahisi ziko kwenye bomba

Mwanauchumi huzipanga hatua zote kuanzia ya bei nafuu hadi ya bei kali, kisha husoma gharama ya kilo ya mwisho inayohitajika kufikia lengo. Kwa miongo mingi mwanzo wa orodha hiyo umekuwa mtambo wa majitaka.

Chukua mji wa watu 100,000. Kila mtu hutoa takriban gramu 2 za fosforasi kwa siku na kutumia lita 200 za maji. Hiyo ni kilo 200 za fosforasi kwa siku, tani 73 kwa mwaka, katika meta za ujazo 20,000 za majitaka kila siku. Fosforasi hutolewa kwa kuweka chumvi ya chuma au alumini, ambayo huigandisha ikazama pamoja na tope. Ukiweka chuma kwa uwiano wa kawaida wa atomi 1.5 kwa kila atomi ya fosforasi, unahitaji takriban kilo 2.7 za chuma kwa kilo moja ya fosforasi. Ukiishusha hadi miligramu 1 kwa lita, kinachobaki kutoka ni tani 7.3 kwa mwaka. Umeondoa karibu tani 66, na kemikali yenyewe imekugharimu euro chache kwa kilo.

Ukitaka kufika miligramu 0.5, unaongeza tani 3.65 tu, lakini uwiano wa chuma unapaswa kupanda kwa sababu fosforasi iliyobaki imetawanyika na haikamatiki kirahisi. Tope nalo linaongezeka, na tope ni gharama: kukamua maji, kusafirisha, kuchoma au kutandaza. Kufika 0.2 kunaongeza tani 2.2 nyingine, na hapo huponi bila kujenga chujio la mchanga au la sahani, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichobaki imenasa kwenye chembe ndogo zisizozama. Ni mtambo uleule na kirutubishi kilekile, lakini kilo ya mwisho huenda ikawa ghali mara kumi au zaidi kuliko ya kwanza.

Nitrojeni ya majitaka ni habari nyingine. Bakteria wanaibadilisha amonia kuwa nitrati, kazi inayohitaji kilo 4.57 za oksijeni kwa kila kilo ya nitrojeni, na oksijeni hiyo inapulizwa kwa umeme. Kisha bakteria wengine, mahali pasipo na oksijeni, huigeuza nitrati kuwa gesi. Maji yakipoa chini ya nyuzi 12 kazi hupungua sana, na katika nchi za kaskazini majira ya baridi ni marefu. Zaidi ya hayo, hatua hizi huvujisha oksidi ya nitrasi, gesi yenye nguvu ya kupasha joto karibu mara 270 ya kaboni dioksidi. Katika mtambo wa Viikinmäki, Helsinki, uliochongwa ndani ya mwamba, gesi hii ndiyo sehemu kubwa ya mchango wa mtambo huo katika kupasha dunia joto. Anayeisafisha bahari asipoangalia anaichafua hewa.

Faida kubwa kuliko zote ilipatikana St Petersburg. Kabla ya 2005 sehemu kubwa ya majitaka ya jiji hilo la mamilioni ilimwagwa ghafi katika Ghuba ya Ufini. Mwaka huo mtambo wa Kusini-Magharibi ulifunguliwa, na sehemu ya fedha ilitoka Ufini na Uswidi. Haukuwa ukarimu mtupu. Kwa mlipakodi wa Ufini, ambaye mitambo ya nyumbani kwake ilikuwa tayari inaondoa zaidi ya 90% ya fosforasi, kilo iliyozuiwa St Petersburg ilikuwa nafuu mno kuliko kilo ya ziada ya Helsinki, na ghuba ni ileile. Mwaka 2013 jiji likakamilisha mfereji wa chini ya ardhi wa kaskazini, na karibu majitaka yake yote yakaanza kupita kwenye mitambo.

Mwaka huohuo wa 2013 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha fosforasi katika sabuni za kufulia, na 2017 katika sabuni za mashine za kuosha vyombo. Hatua hizi hazikuhitaji kujenga chochote.

Shambani, kilo si kilo

Kilo rahisi zikiisha unabaki na kilimo, na hapo bei inaanza kupotea machoni.

Tatizo la kwanza ni samadi. Samadi ya maji ya ng'ombe au nguruwe ni maji kwa zaidi ya 90%. Tani nzima ina kilo chache za nitrojeni, na fosforasi yake kwa kawaida haizidi kilo moja hivi. Kuisafirisha mbali ni kusafirisha maji, kwa hiyo mfugaji huimwaga karibu na banda. Mashamba yaliyo karibu hushiba fosforasi kwa miongo, huku mkulima wa nafaka umbali wa kilomita 60 akinunua mbolea ya viwandani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 inaweka kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka. Kikomo hicho ni cha nitrojeni, na samadi ina fosforasi nyingi kwa kulinganisha na mahitaji ya mimea. Anayetii sheria kikamilifu anaweza kuendelea kurundika fosforasi.

Tatizo la pili ni umbali. Kirutubishi kinachotoka shambani hupotea njiani: hunaswa kwenye ziwa, huzama kwenye mashapo ya mto, au, kama ni nitrojeni, hugeuka gesi. Kinachofaa kulipiwa ni kilo inayofika baharini. Tuseme shamba la ndani linaweza kupunguza fosforasi kwa euro 30 kwa kilo, lakini 70% ya kirutubishi hunaswa njiani. Bei halisi ni 30 gawanya kwa 0.3, yaani euro 100. Shamba la pwani linatoza euro 60, na hasara ya njiani ni 10%. Bei yake halisi ni euro 67. La pwani ndilo rahisi. Ruzuku zinazotolewa kwa hekta kwa kiwango kimoja nchi nzima hupuuza jambo hili, na fedha nyingi huenda ambako karatasi ni rahisi kujaza.

Mfano mmoja unaoonyesha faida na mipaka yake ni jasi. Nchini Ufini wakulima wa kandokando ya Bahari ya Visiwa, kusini-magharibi, wamekuwa wakitandaziwa jasi, madini ya kalsiamu na salfati, tani 4 kwa hekta baada ya mavuno. Jasi ni masalia ya kiwanda cha asidi ya fosforasi cha Siilinjärvi. Ikiyeyuka huongeza chumvichumvi kwenye maji ya udongo, chembe za mfinyanzi hushikana, na mmomonyoko hubeba fosforasi kidogo. Upungufu ni karibu nusu, huanza mara moja, na hudumu takriban miaka 5. Kama shamba lilikuwa linapoteza kilo 1 kwa hekta kwa mwaka, unaokoa kilo 2.5 katika muda wote huo. Kila euro 100 za gharama kwa hekta ni euro 40 kwa kilo, na sehemu nzito ya gharama hiyo ni lori linalosafiri mamia ya kilomita kutoka kiwandani.

Kwa nini basi isitandazwe kila mahali? Jasi huachia salfati. Baharini salfati ni nyingi tayari, haidhuru. Kwenye ziwa la maji yasiyo na chumvi salfati inaweza kuchochea mashapo yatoe fosforasi, na ukawa umehamisha tatizo. Hivyo haitumiki kwenye mabonde ya maziwa wala juu ya vyanzo vya maji ya kunywa vya chini ya ardhi. Tena inafaa udongo wa mfinyanzi. Kwenye mchanga haina la kushikanisha. Na mkulima akidhani ni chokaa atapata hasara, maana haipunguzi uchachu wa udongo.

Tabianchi inasogeza goli

Hapa ndipo wengi huishia kusema kwamba joto litaharibu kila kitu, kwa hiyo haina maana kutumia fedha. Au kinyume chake, kwamba tupunguze kwanza hewa ukaa, bahari itafuata. Hesabu haiungi mkono kauli yoyote kati ya hizo.

Kwanza ni mvua ya majira ya baridi. Zamani ardhi iliganda Desemba hadi Machi na theluji ikalala juu yake. Sasa miezi hiyo inazidi kuwa ya mvua juu ya udongo mtupu uliovunwa na kulimwa, na maji yanasomba nitrati na chembe za udongo wakati hakuna mmea wa kuzishika. Mvua hiyohiyo huifua jasi kutoka kwenye udongo upesi zaidi. Mijini, mabomba ya zamani yanayochanganya majitaka na maji ya mvua hufurika wakati wa mvua kubwa, na majitaka ghafi huupita mtambo uliogharimu mamilioni.

Tuone maana yake kwa fedha. Bonde linatoa tani 10,000 kwa mwaka na kikomo ni 8,000. Kazi ni kuondoa 2,000. Mvua ikiongeza utoaji kwa 10% tu, utoaji unakuwa 11,000, na kazi inakuwa kuondoa 3,000. Ongezeko la 10% la uchafu limezaa ongezeko la 50% la kazi. Na kwa kuwa kilo za mwisho ni ghali kuliko za kwanza, bili haipandi kwa 50% tu. Kama gharama inapanda kwa mraba wa tani, inakuwa mara 2.25. Hii, kwa maoni yetu, ndiyo hesabu muhimu kuliko zote katika mada hii, na ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye bajeti: kikomo cha baharini kimesimama palepale huku mahali pa kuanzia panasogea.

Pili, bahari yenyewe inabadilika. Maji matamu ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 20 hubeba 9.1, na yenye chumvi hubeba pungufu ya hapo. Joto pia huharakisha kuoza na huwapa sianobakteria msimu mrefu. Kwa hiyo kikomo cha tani 21,716, kilichokokotolewa kwa hali ya hewa ya zamani, huenda kisitoshe kuleta maji yaleyale yaliyokusudiwa.

Tatu ni kutokuwa na uhakika. Mwaka wa mvua na mwaka wa ukame hutofautiana sana, na tofauti inakua. Serikali ikitaka kutimiza kikomo kwa wastani, yaani mwaka mmoja itimize na mwingine ishindwe, gharama inabaki chini. Ikitaka kutimiza katika miaka 9 kati ya 10, lazima ipunguze zaidi ya kikomo ili ibaki na akiba. Akiba hiyo inanunuliwa kwa kilo za bei kali. Hatua ambazo matokeo yake hayatabiriki, kama vile ardhioevu ndogo ya kunasa virutubishi ambayo gharika moja inaweza kuifagia, zinapoteza nafasi kwenye orodha hata kama wastani wake ni mzuri, na mtambo wa majitaka unapanda.

Hata hivyo miundo ya kompyuta iliyotumika kutazama Baltiki hadi mwisho wa karne hii inatoa jibu la kushangaza kidogo. Mpango wa kupunguza virutubishi ukitekelezwa kikamilifu, hali ya oksijeni inaboreka hata bahari ikipata joto. Na utafiti uliolinganisha njia mbalimbali za maisha ya baadaye umeonyesha kwamba idadi ya mifugo, kiasi cha nyama kinacholiwa, jinsi ardhi inavyotumika na ubora wa mitambo vinaweza kuamua mzigo wa virutubishi kuliko tabianchi yenyewe. Joto linapandisha bei, lakini bidhaa bado ipo sokoni.

Faida ni ya nani?

Mwaka 2011 zaidi ya watu 10,000 katika nchi zote 9 waliulizwa wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kila mwaka ili malengo ya virutubishi yafikiwe. Jumla ilikadiriwa kuwa takriban euro bilioni 3.6 kwa mwaka. Gharama ya kufikia malengo hayo kwa njia nafuu ilikadiriwa na watafiti kuwa bilioni 2.3 hadi 2.8. Kwa bahari nzima, biashara inalipa.

Neno zito hapo ni «kwa njia nafuu». Makadirio hayo yanachukulia kwamba kila kilo inapunguzwa pale ilipo rahisi, bila kujali mpaka. Ukizilazimisha nchi zote zipunguze kwa asilimia sawa, ambayo wanasiasa huiita haki, gharama hupanda. Na faida haijakaa palipo na gharama. Waswidi ndio waliotaja kiasi kikubwa zaidi kwa mtu mmoja. Walatvia, Wapoland na Warusi walitaja kidogo. Bila fedha kuvuka mpaka, kama ilivyokuwa St Petersburg, nchi yenye kilo rahisi haina sababu ya kuziuza.

Muda unaongeza ugumu. Kwa bahari inayobadilisha maji kwa miaka 30 na yenye mashapo yanayoachia fosforasi ya zamani, anayelipa leo huenda asione maji safi. Faida ya euro bilioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 50, ukiipunguza thamani kwa 3.5% kwa mwaka, leo ni milioni 179. Kwa 1%, ni milioni 608. Mradi uleule unakubaliwa au kukataliwa kwa tarakimu iliyochaguliwa na wizara ya fedha, wala si kwa jambo lolote lililopimwa majini. Anayesoma ripoti ya aina hii aanze kwa kuitafuta tarakimu hiyo.

Kodi, soko, na maji yanayorudishwa

Uswidi ilitoza kodi kwenye mbolea ya viwandani tangu 1984. Ilipofutwa mwanzoni mwa 2010 ilikuwa krona 1.80 kwa kilo ya nitrojeni. Kodi kama hiyo ni rahisi kukusanya. Kasoro yake ni kwamba mkulima hapunguzi sana ununuzi bei ikipanda kidogo, na samadi, ambayo hainunuliwi dukani, haiguswi kabisa.

Soko la vibali linavutia kwenye karatasi: mtambo wa majitaka unaodaiwa kilo ghali umlipe mkulima apunguze kilo rahisi. Kwenye bomba unaweka kipimo. Shambani huweki, unakadiria kwa muundo wa kompyuta. Ili kufidia mashaka, mnunuzi hudaiwa kilo 2 au zaidi za shamba kwa kilo 1 ya bomba, na faida ya biashara huliwa na uwiano huo pamoja na ada za ukaguzi. Tabianchi inapoongeza mashaka, uwiano unapaswa kupanda, na soko linazidi kukosa wateja.

Denmark imechukua njia nyingine. Makubaliano ya Juni 2024 kati ya serikali, wakulima na wanamazingira yanaweka kodi ya gesi joto za mifugo kuanzia 2030: krona 300 kwa tani, ikipanda hadi 750 mwaka 2035, na mfugaji akipewa punguzo la 60%. Sambamba na hilo, hekta 250,000 zitapandwa misitu, na mashamba ya udongo wa mboji yaliyokaushwa zamani yatarudishiwa maji. Udongo huo ukikauka hutoa kaboni dioksidi na nitrati, ukilowa huacha. Euro moja inanunua vitu viwili, na kila kimoja kinakuwa nafuu.

Mtego upo hapa pia. Mashamba hayo yamelimbikiza fosforasi iliyoshikwa na chuma. Yakilowa oksijeni inaisha, chuma kinaiachia, na mfereji unaoelekea baharini hupokea fosforasi kwa miaka kadhaa. Kemia ni ileile ya sakafu ya Baltiki. Anayepanga kazi hii hupima uwiano wa chuma na fosforasi kwenye udongo kwanza, huchagua maeneo yenye chuma kingi, na pengine huvuna majani au kuondoa tabaka la juu kabla ya kufungulia maji. Vipimo hivyo ni gharama ndogo, lakini ndivyo hukatwa kwanza bajeti ikibana.

Wapo wanaotaka kuishughulikia bahari moja kwa moja. Katika ghuba ndogo ya Björnöfjärden, karibu na Stockholm, alumini ilidungwa kwenye mashapo mwaka 2012 na 2013, nayo huishika fosforasi hata bila oksijeni. Fosforasi ya majini ilipungua. Ilifaa kwa sababu ghuba imejifunga na uchafu mpya ulidhibitiwa pia. Kwa bahari ya wazi eneo ni kubwa mno, na ukiacha mito iendelee kuleta utarudia malipo.

Waliopo mezani na wasiokuwepo

Bonde la Baltiki lina nchi 14, lakini wanachama wa HELCOM ni 9 za pwani na Umoja wa Ulaya. Belarus, yenye mashamba makubwa kwenye vyanzo vya mito inayoishia Lithuania, Latvia na Poland, si mwanachama, na asiyekuwepo na lake halipo: kilo zake zilihesabiwa kama mzigo unaovuka mpaka, bila yeye kuahidi chochote. Tangu 2022, kufuatia vita vya Ukraine, nchi nyingine wanachama zimesitisha mikutano rasmi pamoja na Urusi. Mpango wa kulipia kilo rahisi ng'ambo ya mpaka, ulioleta faida kubwa kuliko yote mwaka 2005, hauna tena mahali pa kusainiwa, na kila nchi inarudi kwenye kilo zake za nyumbani zilizo ghali. Mto Neva, mkubwa kuliko yote inayoingia Baltiki, bado unapita St Petersburg, na unachobeba kinaingia kwenye zile tani 21,716.